Programu za simu: Hupimwa Oregon, hukwama Kariakoo

Na Mwandishi Wetu

MACHI 31, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilifunga huduma yake iliyojulikana kama Visual Studio App Center, na pamoja nayo likafungwa ghala la simu halisi ambalo watengenezaji wa programu katika nchi nyingi walikuwa wakilikodi kwa njia ya intaneti ili kupimia kazi zao. Taarifa ya kufungwa ilikuwa imetolewa mwaka mmoja kabla, na wateja wakashauriwa kuhamia BrowserStack, kampuni iliyoanzishwa Mumbai, India, mwaka 2011.

Kwa abiria wa daladala mwenye simu mfukoni, habari hiyo haikuwa na uzito wowote. Hata hivyo, yeye ndiye aliyehusika zaidi. Katika maghala ya namna hiyo ndimo inamojulikana mapema iwapo programu ya benki yake, ya kununulia umeme au ya kukatia tiketi ya basi itafunguka katika simu yake, au itajifunga yenyewe kabla hajamaliza kuingiza namba ya siri.

Biashara hii ilizaliwa na tatizo la hesabu. Mwaka 2012 kampuni ya utafiti ya OpenSignal ilihesabu aina 3,997 za vifaa vinavyotumia mfumo wa Android vilivyokuwa vimepakua programu yake. Mwaka 2015 idadi hiyo ilikuwa imefika 24,093. Kila aina ina upana wake wa kioo, ukubwa wake wa kumbukumbu, toleo lake la mfumo, na marekebisho ambayo kiwanda kimeyaongeza kwa matakwa yake. Wapo watengenezaji wa simu ambao, kwa nia njema ya kuokoa betri, huzima programu yoyote iliyofichwa nyuma kwa dakika chache. Mteja hufunga kioo akisubiri ujumbe wa malipo, na ujumbe haufiki mpaka afungue tena. Aliyeiandika programu hiyo hajawahi kuliona tatizo hilo, kwa sababu simu yake ni ya aina nyingine.

Dawa ya bei nafuu ni simu ya kuigiza, yaani programu ya kompyuta inayojifanya simu. Wahandisi huitumia kila siku, na kwa kazi nyingi inatosha. Lakini simu ya kuigiza haipati joto, betri yake haichoki, na haina yale marekebisho ya kiwandani ambayo ndiyo chanzo cha vituko vingi. Anayetaka kujua kwa hakika hana budi kuiweka programu katika simu yenyewe. Hapo ndipo linapokuja swali la nani ana uwezo wa kununua simu 200 na kuzibadilisha kila mwaka.

Jibu ni kukodi. Mhandisi hupeleka faili la programu yake kwa kampuni yenye simu, pamoja na maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta: fungua, gusa hapa, andika namba hii, subiri, hakikisha kuwa salio limeonekana. Maelekezo hayo huandikwa kwa zana kama Appium, ambayo ni huru na hufanya kazi katika Android na iPhone, au Espresso ya Google, au XCUITest ya Apple. Kisha huchagua simu anazozitaka. Mbali kabisa, ndani ya jengo lenye viyoyozi, simu zilizopangwa kwenye rafu na kuchomekwa chaji usiku na mchana huanza kujigusa zenyewe. Dakika chache baadaye mhandisi hupokea video ya kila simu, picha za kila hatua na maelezo ya mahali programu ilipoanguka.

Wazo lenyewe si la jana. DeviceAnywhere ya California ilianza mwaka 2003, wakati simu zilikuwa bado za vitufe. Perfecto ya Israel ilifuata mwaka 2006. Lakini ni mwaka 2015 biashara hii ilipoingiliwa na wakubwa, Google ikitangaza maabara iliyokuja kuitwa Firebase Test Lab, na Amazon ikifungua huduma iliyoipa jina lenye maana ya shamba la vifaa, AWS Device Farm, inayoendeshwa kutoka kituo chake cha Oregon, magharibi mwa Marekani.

Faida kwa ofisi ndogo ya Dar es Salaam au Nairobi haina ubishi. Amazon hutoza senti 17 za dola kwa kila dakika ya simu moja. Ofisi yenye vijana watano inayotaka kupima programu yake katika simu 30, kila moja dakika 10, italipa dola 51 kwa mzunguko mmoja. Kwa Google, ambako saa moja ya simu halisi ni dola 5 na ya simu ya kuigiza ni dola 1, kazi hiyo hiyo ni dola 25. Hakuna duka la simu litakalomwazima mtu simu 30 kwa fedha hizo.

Hesabu hubadilika kazi inaporudiwa. Nguvu ya majaribio yanayojiendesha iko katika kuyarudia kila msimbo unapobadilishwa, pengine mara kadhaa kwa siku. Mzunguko mmoja wa dola 51 kila siku ya kazi, kwa siku 22, hufikia dola 1,122 kwa mwezi. Amazon inauza pia nafasi ya kudumu kwa dola 250 kwa mwezi bila kuhesabu dakika, ila nafasi moja huendesha simu moja kwa wakati mmoja. Zile simu 30 zitapangwa foleni na kazi ya dakika 10 itachukua saa tano. Ndiyo maana ofisi nyingi huishia kuchagua simu chache, na uchaguzi huo ndio wenye athari kubwa kuliko jambo lingine lolote katika mpango mzima.

Ni simu zipi zinazochaguliwa? Orodha za maghala haya huongozwa na iPhone, Samsung Galaxy na Pixel, kwa sababu inayoeleweka: wateja wanaolipa zaidi wako Marekani na Ulaya, na simu hizo ndizo za watu wao. Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, ambazo ndizo zimejaa katika maduka ya Kariakoo na barabara ya Luthuli, Nairobi, huwa chache katika orodha hizo au hazimo kabisa, kutegemea ghala. Samsung hutoa simu zake zipimwe bila malipo kupitia maabara yake ya mtandaoni, jambo la kupongezwa, lakini ni simu za Samsung pekee.

Kisa cha Facebook kinaonesha jambo hili vizuri kuliko nadharia yoyote. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilituma kikundi cha wahandisi na wasimamizi wa bidhaa barani Afrika kwenda kuona programu yake inavyofanya kazi. Walinunua simu kadhaa za Android na kuijaribu. Kwa mujibu wa maelezo ambayo kampuni yenyewe iliyachapisha Juni 2014, programu ilichelewa kufunguka na kuanguka mara kwa mara, kutokana na mtandao dhaifu unaokatika na upungufu wa nafasi katika simu. Kifurushi cha intaneti cha mwezi mzima kiliwaishia ndani ya dakika 40.

Wahandisi hao hawakuwa wazembe. Walikuwa na kompyuta bora na watu hodari kuliko karibu kampuni nyingine yoyote duniani. Walichokosa ni simu ile, laini ile, na kifurushi kile.

Matokeo ya safari hiyo yalikuwa mengi. Programu ilipunguzwa uzito. Juni 2015 ilitolewa Facebook Lite, ndogo isiyofika megabaiti moja. Oktoba mwaka huo kampuni ilianzisha utaratibu wa kila Jumanne, ambapo mfanyakazi aliyekubali alipunguziwa kasi ya mtandao kwa saa nzima hadi kiwango cha 2G ili aonje adha ya wenzake. Ndipo, mwaka 2016, kampuni ilipoeleza hadharani juu ya maabara yake ya simu katika kituo cha Prineville, Oregon: makabati 60, kila moja likiwa na simu 32, jumla zikikaribia 2,000. Kila kabati lilizibwa ili mawimbi ya intaneti ya simu za ndani yasigongane na ya majirani. Mabadiliko ya msimbo yalipimwa humo ili kugundua iwapo yameifanya programu iwe nzito, hata kwa kiasi kidogo sana.

Mpangilio wa matukio hayo ndio wa kutazamwa. Kwanza watu walikwenda, wakanunua simu sokoni na kuishiwa kifurushi. Makabati yalikuja baadaye, kulinda kile kilichokwisha kujulikana. Ofisi nyingi za Afrika Mashariki zinazokodi maghala haya zinaanza na makabati, na baadhi yake huishia hapo hapo, ingawa zenyewe ziko umbali wa nauli ya daladala moja kutoka soko ambalo Facebook ililazimika kupanda ndege kulifuata.

Upungufu mkubwa zaidi wa simu za kukodi, kwa soko hili, ni laini. Simu za Amazon hazina laini za mtandao wa simu. Haziwezi kupiga wala kupokea ujumbe mfupi. Zipo kampuni zinazotoa simu zenye laini kwa wateja wanaozihitaji, lakini laini ya Tanzania ni suala jingine. Tangu Mei 1, 2019 usajili wa laini nchini hufanywa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na kuanzia Januari 2020 zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Utaratibu huo una sababu zake za kiusalama. Lakini kutokana nao, rafu ya simu iliyoko Oregon haipati laini ya hapa kwa kununua tu dukani.

Kwa programu ya kusikiliza muziki hilo halina madhara. Kwa programu nyingi zinazoandikwa katika nchi hizi ni kasoro inayogusa kiini. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania Aprili 2008, ikiwa huduma ya laini na menyu za namba, kabla simu za kioo hazijaenea. Mpaka leo, mteja anayelipia kitu ndani ya programu ya muuzaji mara nyingi hupata ombi la kuweka namba ya siri linalojitokeza juu ya kioo kupitia laini yake. Programu humpisha, hungoja, kisha hurudi kuuliza kama malipo yamefika. Ni katika kupishana huko ndimo mambo huharibika: ombi linachelewa, mteja anabonyeza tena, programu inadhani ameghairi, fedha zimekwishakatwa. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayoweza kutokea katika simu isiyo na laini. Jaribio litapita, video itaonesha kila kitu kimekwenda sawa, kwa kuwa mhandisi ameweka jibu la kuigiza mahali ambapo mtandao wa simu ungejibu.

Hali ni hiyo hiyo kwa namba ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe mfupi kumthibitisha mtumiaji. Google humpa kila anayepeleka programu katika duka lake taarifa ya majaribio bila malipo, ambapo roboti huizungukia programu ikigusa vitufe katika simu mbalimbali. Ni huduma nzuri, na ofisi nyingi hazijui kuwa wanayo. Lakini roboti ikikutana na kioo kinachodai namba iliyotumwa kwa ujumbe, na haikuandaliwa njia ya kupita, husimama mlangoni. Taarifa itasema hakuna hitilafu iliyoonekana, na itakuwa kweli.

Kisha kuna usafi wa simu hizo. Simu ya ghala hufutwa kila baada ya mteja mmoja kumaliza, ili wa pili asikute mabaki ya wa kwanza. Kwa hiyo programu hupimwa daima katika simu tupu, yenye nafasi tele, isiyo na picha 4,000 za harusi na video za makundi ya WhatsApp. Simu ya mwananchi wa kawaida haijawahi kuwa tupu tangu wiki ya kwanza iliponunuliwa. Programu inayoshindwa kuhifadhi faili lake kwa sababu nafasi imejaa haitagunduliwa Oregon, labda mhandisi aijaze simu kwa makusudi kabla ya kuanza, jambo linalowezekana lakini lisilofanywa na wengi. Mtandao nao unaweza kupunguzwa kasi kwa kuigiza, na maghala makubwa yana nyenzo hiyo. Kupunguza kasi, hata hivyo, ni tofauti na kupoteza mawimbi kila basi linapopita bondeni na kuyapata tena katika mnara mwingine.

Suala la taarifa za watu linahitaji uangalifu wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Mhandisi anayechukua nakala ya majina na namba za wateja halisi ili majaribio yafanane na uhalisia, kisha akazipeleka katika simu iliyo bara jingine, amesafirisha taarifa, awe amekusudia au la. Amazon yenyewe huwashauri wateja wake wasiingize taarifa nyeti katika simu hizo. Wateja wa kubuni hutengenezwa kwa mchana mmoja, na hakuna kisingizio cha kutowatumia.

Hayo yote hayamaanishi kuwa maghala haya hayafai. Yanafaa sana kwa kile yanachokiweza: upana. Ofisi ya Dar es Salaam inayotaka kujua iwapo maandishi yake yanakatika katika vioo vya aina 40, au iwapo toleo jipya la Android limeharibu kitu, haina njia ya nafuu zaidi. Kosa ni kuyachukulia kuwa ndiyo kipimo kamili, na kumwonesha mteja, ambaye pengine ni benki au idara ya serikali, orodha ya alama za kijani kama ushahidi kwamba programu iko tayari kwa umma.

Dawa ya upungufu huo si ghali. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, Kenya, na simu yake ya bei ya chini, Neon Smarta, ilitangazwa kwa shilingi 7,499 za Kenya. Kwa thamani ya fedha ya mwezi huo, hiyo ilikuwa takriban bei ya mzunguko mmoja wa simu 30 kwa Amazon. Droo yenye simu sita au saba zilizonunuliwa sokoni, mbili kati yake zikiwa zimetumika na zimejaa, kila moja na laini hai ya mtandao tofauti, ingegundua katika wiki moja mambo ambayo rafu za ng'ambo hazitayagundua kamwe. Simu hizo zinaweza hata kuendeshwa na Appium ile ile, zikichomekwa katika kompyuta moja ya ofisi. Zinahitaji mtu wa kuzichaji, kuziwekea vocha na kuangalia betri zisivimbe, na kwa kuwa kazi hiyo haina jina la kupendeza, mara nyingi haipewi mtu.

Wateja nao wana sehemu yao. Mikataba ya kutengeneza programu za huduma za umma ingeweza kutaja kwa majina aina za simu ambazo programu lazima ifanye kazi, kuanzia ile ya bei ya chini kabisa iliyopo sokoni siku ya kutia saini, na kudai jaribio la malipo lifanywe kwa laini hai ya kila mtandao. Sharti hilo halichukui zaidi ya ukurasa mmoja. Likikosekana, anayelipa gharama ni yule mwenye simu ndogo, anayerudi kupanga foleni dirishani kwa huduma aliyoambiwa imehamia mkononi mwake.

Kufungwa kwa ghala la Microsoft kuliongeza somo jingine kwa waliokuwa wakilitegemea. Waliokuwa wameandika majaribio yao kwa Appium au Espresso walihama kwa kubadilisha mambo machache, kwa kuwa zana hizo zinakubalika katika maghala mengi. Waliojifunga na Xamarin.UITest hawakuwa na bahati hiyo. Microsoft ilikuwa imekwishaacha kuihudumia Xamarin yenyewe tangu Mei 1, 2024, na kwao kuhama kulimaanisha kukaa chini na kuandika upya.